KUFULI SI UPENDO

 Mwezi huu nataka tuzungumze juu ya jambo ambalo katika makanisa yetu tunalicheka kuliko tunavyolihubiri. Ni jambo la mtu kupenda mpaka akili inapotea. Tunalisikia kila siku. Kijana anamwambia binti, "Nikikukosa nitakufa," na binti anafurahi, anaenda kuwasimulia wenzake kisimani. Bwana anamwambia bibi yake, "Siku nitakukuta na mwingine nitakuua," na majirani wanasema, "Aa, huyu anampenda kweli." Mimi pia nilikuwa nasema hivyo. Leo nataka kukuambia kwa nini sisemi tena.

Nitaanza na sinema, kwa sababu ndiko vijana wetu wanajifunza mambo ya mapenzi. Tusidanganyane. Baba anaona haya, mama anaona haya, mchungaji anafundisha siku mbili tatu kabla ya ndoa. Lakini video inafundisha kila jioni, na haina haya.

USIKU MMOJA KATIKA CHUMBA CHA VIDEO

Mwaka wa 2023, jioni moja, nilienda kumtafuta mtoto wa dada yangu ambaye alikuwa anakaa kwangu hapa Kibabi. Nilijua mahali alipo. Ni chumba cha mbao, dirisha limefunikwa na shitingi nyeusi, jenereta inalia nyuma, na ndani vijana wamebanana kwenye viti virefu, wengine wametoka moja kwa moja kwenye mashimo na matope bado iko kwenye buti zao. Nilisimama mlangoni nimwite kwa jina. Bon, nakiri mbele yako: sikumwita. Nilibaki kusimama pale nikitazama.

Ilikuwa filme ya Marekani ya mwaka wa 1987, ile inayoitwa kwa Kifaransa "Liaison fatale". Ina mambo ambayo mtoto hapaswi kuona, nalisema wazi ili mzazi asidhani ninaitangaza. Hadithi yake ni hii. Bwana mmoja, avoka katika mji wa New York, ana bibi mzuri na mtoto msichana. Bibi anasafiri siku mbili tu. Huyu bwana analala na mwanamke mwingine jina lake Alex. Kwake yeye ilikuwa mchezo wa siku mbili. Kwa Alex haikuwa mchezo. Anapoona bwana anaondoka, anajikata mikono. Anapiga simu kazini, anapiga nyumbani usiku. Anamwambia ana mimba yake. Anaharibu gari yake kwa asidi. Anaingia nyumbani wakati watu hawapo, anachukua sungura wa mtoto na kumpika katika sufuria. Siku nyingine anaenda kumchukua mtoto shuleni, na mama anazunguka mji mzima kama mwenda wazimu. Mwisho anakuja na kisu. Yule bwana anamzamisha katika maji ya bafu, naye anainuka tena. Ndipo bibi wa nyumba anampiga risasi.

Ndugu msomaji, wakati ile risasi ililia, chumba chote kilipiga makofi. Vijana walisimama. Mmoja alipiga kelele: "Afe! Afe ule shetani!"

Tulirudi nyumbani kwa miguu, mimi na mtoto wa dada yangu. Nilimwuliza, "Ni nani mwenye kosa katika ile filme?" Akasema, "Ule mwanamuke, Pasta." Nikamwuliza, "Na yule bwana?" Akacheka. "Bwana? Yeye alitereza tu."

MWISHO AMBAO WATU WALIUKATAA

Baadaye nilijifunza jambo lililonishangaza. Ile filme, wakati ilitengenezwa mara ya kwanza, haikumalizika hivyo. Katika mwisho wa kwanza Alex anajiua mwenyewe, na polisi wanakuja kumkamata yule bwana, kwa sababu alama za vidole vyake ziko kwenye kisu. Waliwaonyesha watu kwanza ili kupima, na watu hawakupenda. Walitaka mwanamke auawe. Basi wenye filme walirudi kutengeneza mwisho mwingine, ule ambao vijana wetu waliupigia makofi. Ilileta dola zaidi ya milioni 300 duniani kote. Glenn Close, mwanamke aliyecheza ile sehemu ya Alex, aliukataa sana ule mwisho mpya mbele hajakubali kuucheza. Yeye alikuwa amewauliza madaktari wa akili kabla ya kucheza, naye aliamini kwamba Alex ni mtu mgonjwa, anayehitaji msaada.

Unaona? Watu wa Marekani na vijana wa Kibabi ni wamoja. Mgonjwa anapotutisha, hatutaki apone. Tunataka afe.

Wiki ile ile nilimwuliza mtoto wa dada yangu wameonyesha nini tena. Akasema, "Filme ya Kihindi, ya zamani. Inaitwa Darr." Niliposikia lile jina, mkono wangu wa kushoto ulikwenda wenyewe kushika kikono cha shati. Nitakueleza kwa nini.

Darr ni ya mwaka wa 1993, imetengenezwa na Yash Chopra. Kijana anayeitwa Rahul, ambaye Shah Rukh Khan anacheza sehemu yake, anampenda msichana Kiran aliyesoma naye. Hakumwambia hata siku moja. Kiran ana mchumba wake, askari wa jeshi la majini. Rahul anamfuata kila mahali. Anampigia simu bila kusema jina. Anajikata kifua kwa kisu, anaandika jina la Kiran katika nyama yake mwenyewe. Anajaribu kumwua mchumba. Mwisho yeye ndiye anauawa.

Nikamwuliza kijana, "Na katika hii, watu walipiga makofi alipokufa?" Akasema, "Hapana, Pasta. Watu walisikitika. Alipenda sana, masikini."

Bibi yangu alikuwa anachambua maharage pale karibu. Hakuinua macho. Alisema, "Kwa hiyo mwanamuke akipenda vile ni shetani, mwanaume akipenda vile ni masikini."

Hatukuwa na jibu. Sijapata jibu mpaka leo. Hata kule India watu wengi walimpenda Rahul kuliko yule askari aliyemwokoa msichana, na Shah Rukh Khan akaendelea kuwa nyota kubwa. Jina lenyewe la ile filme, kwa Kihindi, maana yake ni hofu. Ni hofu ya Kiran. Lakini nani alitoka mle ndani akifikiri juu ya Kiran?

HERUFI KATIKA MKONO WANGU

Mwaka wa 1997 nilikuwa na miaka 16, nakaa kwa mjomba wangu Goma. Pale Birere kulikuwa na vyumba vya video, na mimi niliona Darr mara tatu. Katika korali yetu kulikuwa na msichana mwenye sauti nzuri. Nilikuwa nampenda, na sikujua namna ya kumwambia. Basi nilifanya kama Rahul. Nilimfuata akienda shuleni. Nilimfuata akirudi. Niliandika barua kila siku, naweka katika kitabu chake cha nyimbo. Aliponiambia kwa adabu, "Kaka yangu, mimi nataka kusoma, niache," nilifikiri ananijaribu. Katika filme msichana anasema hapana kwanza.

Siku moja nilichukua wembe nikachora herufi ya kwanza ya jina lake kwenye mkono wangu wa kushoto. Nilimngojea nje ya kanisa, nikapandisha kikono cha shati, nikamwonyesha damu. Nilidhani atalia na kuniangukia. Alipiga kelele, akakimbia.

Hakuja tena korali. Baada ya muda wazazi wake walimpeleka kwa shangazi yake Bukavu. Mwaka wake wa shule ulipotea. Na mimi, ndugu msomaji, nililia miezi mingi nikijihurumia, nikisema moyo wangu umevunjwa. Nilifikiri katika ile hadithi mwenye kidonda ni mimi. Ilinichukua miaka mingi kuona kwamba mwenye kidonda alikuwa yeye. Mimi nilipata alama ndogo mkononi. Yeye alipoteza mwaka, alipoteza korali, alipoteza mji wake, na njia ya kwenda shuleni ikawa mahali pa kuogopa.

Alama bado iko. Ninapohubiri navaa mikono mirefu hata jua likiwaka. Bibi yangu anajua. Wakristo wangu hawakujua mpaka leo wanaposoma hapa.

KUFULI

Sasa nafika kwenye jambo lenye kuniuma zaidi, kwa sababu lile la Goma nililifanya kwa utoto, lakini hili nilikuwa mtu mzima, mchungaji, nimetoka shule ya Biblia, na watu wananiita baba.

Katika kanisa letu kulikuwa na mchimbaji mmoja, mtu wa bidii. Alikuwa amefanya kazi Bisie kule Walikale wakati watu wengi walikuwa wanachimba kasiteriti kwa mkono, kisha akaja huku kwetu Masisi kwenye koltani. Alioa binti mzuri, alitoa mali yote bila kubakiza deni. Alimpenda sana, ndivyo sote tulisema. Alimnunulia vitenge. Hakumpiga. Lakini hakutaka aende soko peke yake. Halafu hakutaka aende na wengine pia. Telefone ya bibi alikaa nayo yeye. Alipokwenda kwenye shimo, alirudi saa yoyote bila kusema, kuangalia kama bibi yuko. Kisha akanunua kufuli. Asubuhi anatoka, anafunga mlango kwa nje, anakwenda na ufunguo katika mfuko.

Yule mama alikuja kwangu siku moja ya Jumapili, mtoto mgongoni. Alisema kwa sauti ya chini, "Baba Mchungaji, ananifungiaka ndani. Naogopa." Bwana wake alikuwa amesimama pale pale, hatua chache tu. Na mimi nilifanya nini? Nilicheka. Nilisema kwa sauti ili bwana asikie, "Mama, mtu mwenye mali ya bei kubwa ndiye anafunga mlango! Mshukuru Mungu unapendwa. Vumilia." Bwana alicheka. Watu waliokuwa karibu walicheka. Yeye hakucheka. Aliniangalia tu, akaenda.

Ilikuwa mwaka wa 2019, wakati wa mvua. Wiki chache baada ya ile Jumapili, mama alikuwa amewasha makaa ndani kwa sababu ya baridi. Unajua nyumba zetu, ni mbao na shitingi. Moto ulishika shitingi. Majirani walisikia kelele, wakakimbia, wakakuta kufuli mlangoni. Ufunguo ulikuwa ndani ya shimo, chini ya mlima, katika mfuko wa mtu. Vijana walivunja mbao za nyuma kwa mitalimbo na sururu, vyombo vile vile vya kuchimbia. Walimtoa mama, walimtoa mtoto. Wote wawili waliishi, Mungu asifiwe. Lakini mtoto aliungua mguu na mama aliungua mikono yote miwili, kwa sababu alikuwa anamfunika mtoto.

Nilipofika kituo cha afya aliniangalia kama ile Jumapili. Hakuniambia neno baya. Alisema, "Baba, nilikuambia."

Bwana wake alilia kuliko watu wote. Alijigonga kichwa kwenye ukuta. Alisema, "Pasta, mi nilimupenda! Mi nilimupenda!" Nami nilijua hasemi uongo. Hilo ndilo jambo la kuogopesha. Hakuwa mtu mwenye chuki. Alikuwa na kitu alichokiita upendo, na kile kitu kilikuwa na kufuli, na mimi mchungaji wake nilikuwa nimekibariki.

Kwetu sisi watu wa machimbo, somo hili tungepaswa kulijua vizuri. Bei ya koltani ilipopanda sana mwaka wa 2000, mimi mwenyewe nilikuwa kijana mchimbaji. Niliona watu wakilala juu ya mifuko yao ya mawe, panga mkononi, hawalali usiku, wanamtazama hata ndugu yao kama mwizi. Mwaka wa 2001 bei ilianguka, na wengine walibaki na mawe tu. Mtu anaweza kulinda mfuko hivyo. Lakini bibi si mfuko wa mawe. Jiwe halihitaji hewa. Jiwe halina mama yake wa kumsalimia. Ukimlinda mtu kama jiwe, unamfanya jiwe, au unamwua.

BIBLIA INALIJUA JAMBO HILI

Wengine watasema haya ni mambo ya sinema na ya Wazungu. Fungua kitabu cha pili cha Samweli, sura ya 13. Amnoni mwana wa Daudi alimpenda Tamari, dada yake kwa baba, mpaka akakonda na kuugua. Alikuwa na rafiki, Yonadabu, mtu mwerevu, ambaye badala ya kumkemea alimpa mpango: ulale kitandani, ujifanye mgonjwa, uombe yeye aje kukupikia. Tamari alikuja na mikate yake kwa moyo mweupe. Alimsihi. Alimkumbusha aibu itakayompata. Amnoni alikuwa na nguvu kuliko yeye, akamlazimisha.

Na angalia kinachofuata. Saa ile ile, chuki yake ikawa kubwa kuliko ule upendo wa mbele. Alimwita mtumishi amtoe nje na kufunga mlango nyuma yake. Nimefundishwa ile sura katika shule ya Biblia, nimeihubiri, lakini sikuuona ule mlango mpaka siku nilipoona kufuli jeusi kwa moshi.

Na Daudi je? Daudi, mfalme na baba, alisikia mambo yote akakasirika sana. Basi. Hatusomi kwamba alimwadhibu Amnoni wala kwamba alikaa na Tamari kumfariji. Tamari alibaki katika nyumba ya kaka yake Absalomu, maisha yake yameharibika. Miaka miwili ikapita, na Absalomu akaagiza Amnoni auawe. Nyumba nzima iliharibika kwa sababu ya upendo ambao haukuwa upendo, rafiki mwenye shauri baya, na mzee aliyekaa kimya. Ndugu zangu wachungaji na wazee wa kanisa, sisi tuko wapi katika hadithi hii? Mimi nilikuwa Yonadabu na Daudi pamoja.

SI MAMBO YA HADITHI TU

Hebu tuangalie jirani zetu. Vijana wetu wengi waliangalia filme za Steven Kanumba wa Tanzania. Mwezi wa 4 mwaka wa 2012 alikufa nyumbani kwake Dar es Salaam, akiwa na miaka 28, katika ugomvi wa usiku na mpenzi wake Elizabeth Michael, yule anayeitwa Lulu, mchezaji filme kama yeye. Mbele ya mahakama ilisemwa ugomvi ulianza juu ya simu. Mwaka wa 2017 Mahakama Kuu ilimhukumu Lulu miaka 2 kwa kuua bila kukusudia. Wote wawili walikuwa wamecheza mapenzi mbele ya kamera mara nyingi. Lakini wivu juu ya simu, usiku, ndani ya chumba, hauna mtu wa kusema "simamisha, turudie tena".

Huko Kenya, Agnes Tirop alikuwa mkimbiaji wa miaka 25. Mwezi wa 9 mwaka wa 2021 alivunja rekodi ya dunia ya kilometa 10 kwa mbio za wanawake peke yao. Mwezi uliofuata alikutwa amechomwa kisu nyumbani kwake Iten, na mume wake akashitakiwa. Na Rebecca Cheptegei wa Uganda alikimbia maratoni katika michezo ya Olimpiki ya Paris mwezi wa 8 mwaka wa 2024. Jumapili tarehe 1 mwezi wa 9, alikuwa anatoka kanisani na watoto wake. Mwanaume aliyekuwa mpenzi wake alimngojea kwake, akamwagia petroli, akamwasha. Alikufa siku nne baadaye, na yule mwanaume pia alikufa kwa moto ule ule aliouwasha. Ilisemwa walikuwa na ugomvi wa kiwanja. Lakini wenye ugomvi wa kiwanja ni wengi, hawachomi watu. Palikuwa na kitu kingine cha kusema: kama si wangu, hautakuwa wa mtu.

Mwanamke mwenye nguvu ya kukimbia kilometa 42 hakuweza kukimbia nyumba yake mwenyewe. Basi tusimwambie dada yetu, "Kwa nini hukukimbia?"

UTAJUAJE?

Kijana mmoja aliniuliza, "Pasta, nitajuaje kama napenda vizuri au napenda vibaya?" Nilimjibu hivi, nawe uyapime.

1. Je, ukisikia "hapana" unaweza kurudi nyumbani kwa amani? Uchungu utakuwapo, hiyo si zambi. Lakini ukianza kufuata, kupeleleza, kutuma watu, kuandika kila siku, simama hapo.

2. Je, mpenzi wako ana rafiki wengi au wachache tangu akujue? Upendo unaongeza watu katika maisha ya mtu. Kama mama yake hamwoni tena, dada zake hawamwoni, korali haimwoni, kuna kufuli mahali, hata kama huioni.

3. Je, unasema "nitajiua" ili asikuache? Kama unasikia kweli kutaka kufa, ni ugonjwa, njoo tuzungumze, twende kwa daktari. Kama unasema ili umtishe, umekwisha kumtia kamba shingoni.

4. Na wewe binti: je, unapima maneno kabla ya kusema, unaogopa saa ya kurudi kwake, unaficha hata salamu ya jirani? Hiyo ni hofu. Usiibatize jina la upendo.

Tukumbuke pia kwamba wengine ni wagonjwa kweli. Daktari mmoja wa Ufaransa, de Clérambault, aliandika mwaka wa 1921 juu ya watu wanaoamini kabisa kwamba fulani anawapenda, hata kama fulani hawajui. Mtu wa namna hiyo haponi kwa kuchekwa, wala kwa kupigwa. Haponi pia kwa kukesha katika maombi peke yake. Tuombe, na tumpeleke kwa daktari.

KANISA LIFANYE NINI?

La kwanza, tusikilize bila bwana kusimama pale. Mimi nilimsikiliza yule mama mbele ya mtu aliyemwogopa. Sasa katika kanisa letu mama anazungumza na wamama wawili wazee, mahali pa siri, na bwana anazungumza na wazee siku nyingine.

La pili, neno "vumilia" tuliweke pembeni kwanza. Kuna kuvumilia umaskini, kuna kuvumilia ugonjwa wa mwenzako. Kuvumilia panga na moto si amri ya Mungu.

La tatu, kama mama anataka kuondoka, tusimwache aondoke peke yake. Wale wanaojua mambo haya wanasema saa ya hatari kubwa ni saa ya kuachana. Aende na watu, akae mahali penye watu.

La nne, kama amelazimishwa, afike kituo cha afya upesi, kabla ya saa 72, maana kuna dawa za kumkinga na UKIMWI ambazo baada ya hapo hazisaidii. Tusimwogeshe kwanza, tusimfiche kwanza.

La tano, tujue sheria. Hakuna sheria ya nchi yetu inayompa bwana haki ya kumfungia bibi. Na tangu sheria ya familia ilipobadilishwa mwaka wa 2016, bibi hahitaji tena ruhusa ya bwana ili asaini mkataba au asimame mbele ya hakimu. Najua katika milima hii mahakama iko mbali, na vita imefanya njia kuwa ngumu zaidi. Lakini chifu yuko, wazee wako, majirani wako. Ile siku ya moto hatukungoja hakimu. Walikuja vijana na mitalimbo.

MWISHO

Utaniuliza, yule mama yuko wapi? Yuko kwa kaka yake. Mikono ilipona, ingawa vidole viwili havikunjiki vizuri. Anauza mandazi na sabuni, na alinipa ruhusa kuandika haya, bila jina lake. Mtoto anatembea, anakimbia hata. Bwana wake alikuja kwangu mara nyingi kuniomba nimrudishe bibi. Mara ya kwanza alikuja kwa hasira, baadaye kwa machozi. Nilimwambia, "Ndugu yangu, mimi si mwenye ufunguo. Yeye ndiye." Nilimwonyesha mkono wangu wa kushoto, nikamwambia habari ya Goma. Alikaa kimya muda mrefu. Tangu hapo anakuja kuzungumza, si kuomba arudishiwe, kuzungumza tu. Sijui kama bibi yake atakubali siku moja. Ni juu yake, na akikataa mimi nitasimama upande wake.

Ile kufuli ninayo. Mmoja wa vijana aliokota katika majivu akaniletea, nami niliiweka juu ya meza ninapoandalia mahubiri. Mtu akija kuniambia bwana wake anampenda mno, naiangalia kwanza, halafu namwambia, "Keti, mama. Nieleze yote."

Mungu awabariki katika nyumba zenu.

Maswali ya kuzungumza nyumbani jioni:
Je, katika filme za mwisho tulizoangalia, nani aliteseka, na nani tulimhurumia?
Je, kuna mtu katika jirani yetu ambaye hatumwoni tena kisimani, sokoni, kanisani? Nani atakwenda kumsalimia kesho?